Mvutano ni kani, ni umbo, au ni chembe?

Msomaji ameandika: "Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, tahasusi ya PCM, hapa Mbeya mjini. Darasani tumefundishwa kwamba kani za msingi ni nne na mvutano ni mojawapo. Kwenye video wanasema mvutano si kani, ni kupinda kwa nafasi na wakati. Mwalimu wetu naye alitandika shuka, akaweka mpira mzito katikati na kuviringisha gololi. Wengine tena wanasema kila kani inabebwa na chembe. Sasa mvutano ni kipi kati ya hivyo? Na kama ni kupinda, kwa nini kitu nilichokiachia tu, ambacho hakikuwa kinaenda popote, kianze kwenda chini?"

Marahaba. Naanza na sehemu ya mwisho ya swali lako, maana ndiyo inayolichana lile shuka. Gololi inaingia kwenye bonde la shuka kwa sababu Dunia inaivuta chini. Kwa hiyo tumeeleza mvutano kwa kutumia mvutano! Lipeleke shuka hilo hilo kwenye chombo kinachoizunguka Dunia huko angani, libonyeze katikati, uiachie gololi taratibu pembeni: itabaki pale pale ulipoiachia. Simlaumu mwalimu wako, karibu kila mtu hulitumia shuka. Lakini linaonyesha kupinda kwa nafasi peke yake, na kwa vitu vya kawaida vinavyoanguka hapa duniani, mwenye kazi kubwa ni wakati.

Chukua parachichi lililo juu ya mti kule Tukuyu. Unasema haliendi popote. Ni kweli kwa upande wa nafasi, lakini katika wakati linasafiri kama mimi na wewe, kutoka sekunde hii kwenda inayofuata. Einstein alipoviunganisha nafasi na wakati, kiwango cha kubadilishia kimoja kwa kingine kilikuwa kasi ya nuru: sekunde moja ya wakati ina thamani ya kilomita 300,000 za nafasi. Sasa parachichi likikatika, sekunde ya kwanza linashuka mita 4.9 hivi. Weka mita 4.9 kando ya kilomita 300,000 uone jinsi njia yake ilivyopinda kidogo mno. Kinachoonekana kwetu kama kuanguka kwa kishindo ni mkengeuko mdogo sana wa safari ndefu ambayo tunda lilikuwa nayo tangu likiwa mtini. Halikuhitaji kusukumwa lianze kwenda, lilikuwa linakwenda.

Kwa nini basi mkengeuko huo uelekee chini, wala si juu au pembeni? Kwa sababu wakati hauendi sawasawa kila mahali. Chini, karibu na tungamo la Dunia, unakwenda polepole kuliko juu. Simaanishi saa zetu zinaharibika, wala sizungumzii hisia. Kila kitu kinachopiga hatua kwa hatua, kuanzia moyo hadi mtetemo wa atomi, kinapiga taratibu zaidi kikiwa chini.

Hesabu yake unaiweza leo hii. Tofauti ya mwendo wa saa mbili ni takribani gh/c², ambapo h ni tofauti ya kimo. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kyela, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 500 au karibu na hapo. Tuseme h ni mita 2,100. Zidisha kwa 9.8, gawa kwa mraba wa kasi ya nuru, unapata sehemu 2.3 katika kila trilioni kumi. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo saa ya Kitulo itaitangulia ya Kyela kwa nanosekunde 20 hivi kila siku. Wazaliwa wawili wa siku moja, mmoja akikaa Kitulo na mwingine Kyela kwa miaka 70, watapishana kwa nusu ya milisekunde. Hakuna atakayemwamkia mwenzake kwa hilo, lakini saa za atomi zinaiona tofauti hiyo bila shida. Mwaka 2010 watafiti wa Boulder, Marekani, waliinua saa moja sentimita 33 tu juu ya nyingine, wakapima tofauti. Mwaka 2022 watafiti wa mji huo huo waliipima ndani ya wingu la atomi lenye kimo cha milimita moja. Kabla yao, mwaka 1959 na 1960, Pound na Rebka walikuwa wameipima kwenye mnara wa chuo cha Harvard kati ya sehemu mbili zilizopishana mita 22.5, kwa kutumia miale ya gama.

Ukiwasha ramani ya simu pale Mwanjelwa, fizikia hii inafanya kazi. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu. Kwa sababu ya kimo, saa zake zinatangulia za ardhini kwa mikrosekunde 45 kwa siku. Kwa sababu ya kasi yake, zinachelewa mikrosekunde 7. Zinabaki 38. Katika mikrosekunde 38 nuru huenda zaidi ya kilomita 11. Wahandisi wasingeirekebisha hiyo, simu ingekupotezea njia kabla siku haijaisha.

Sasa tuunganishe mwendo wa wakati na kuanguka. Umewaona maksai wakilima kule Usangu? Wawili wamefungwa nira moja. Wakienda sawa, mfereji unanyooka. Wa kushoto akianza kuzembea, hakuna anayelisukuma jembe kushoto, lakini jozi nzima inageukia upande wa aliyechelewa. Chembe ya maada nayo si nukta. Fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomi, inasema ina tabia ya wimbi, na wimbi lina upana. Sehemu ya wimbi iliyo chini inapiga hatua zake polepole kuliko iliyo juu, kwa hiyo wimbi zima linageukia chini. Mfano wa maksai uishie hapo, maana wimbi halina mkulima nyuma yake. Ila ukiandika hesabu ya wimbi hilo unapata mchapuko ule ule wa g, na tungamo la chembe linajifuta lenyewe kwenye jibu. Ndiyo maana kokoto na nyundo huanguka pamoja. Galileo aliliona jambo hilo, na setilaiti ya Ufaransa iitwayo MICROSCOPE, katika matokeo ya mwisho yaliyotolewa 2022, haikuona tofauti yoyote hadi kiwango cha sehemu chache katika trilioni elfu.

Kwamba mvutano unaligusa wimbi la chembe moja, hilo limeshapimwa. Mwaka 1975 Colella, Overhauser na Werner walichukua nyutroni kutoka kwenye kinu cha nyuklia, wakazigawa kwa fuwele ya silikoni ili wimbi la kila nyutroni lipite njia mbili, moja juu ya nyingine kwa sentimita chache, kisha njia zikakutana tena. Walipokuwa wakikizungusha kifaa, tofauti ya kimo kati ya njia hizo ikibadilika, idadi ya nyutroni zilizofika kila upande ilipanda na kushuka kama nadharia ilivyotabiri. Kwa hiyo anayekuambia kwamba fizikia ya kwanta na mvutano havijawahi kukutana, mwambie vilikutana mwaka 1975. Kisichojulikana ni kitu kingine, nitakifikia.

Nikiwa bado kwenye wakati, kuna chembe zenye saa tumboni. Myuoni ni ndugu mzito wa elektroni, mara 207. Zinazaliwa angani, kilomita kama 15 juu, miale ya anga za mbali inapoigonga hewa. Moja hivi inapita kwenye kila sentimita ya mraba kila dakika usawa wa bahari, na nyanda za juu kama zetu zinapata zaidi kidogo. Tandaza kiganja chako sasa hivi, zinapita. Lakini myuoni huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2, muda ambao nuru huenda mita 660 tu. Zinafikaje chini? Mwaka 1963 Frisch na Smith walizihesabu juu ya Mlima Washington, Marekani, kwenye mita 1,900 na ushei: wastani wa 563 kwa saa. Kama saa zake zingepiga kama zetu, karibu na usawa wa bahari zingebaki 27. Walihesabu 408. Mteremko huo unakaribiana na ule wa kutoka Kitulo hadi Kyela. Hapa kinachopunguza mwendo wa wakati ni kasi, mvutano haumo, ila ujumbe ni ule ule: wakati una mwendo wake kwa kila msafiri.

Turudi kwenye swali lako la kwanza: mvutano ni kani?

Daladala ikifunga breki ghafla unarushwa mbele. Hakuna aliyekusukuma, wewe umeendelea na mwendo wako, gari ndilo lililobadilika. Kani ya namna hiyo, ya bandia, ina alama mbili. Inakuwa kubwa kulingana na tungamo la kila kitu, ili vyote viende pamoja, na inatoweka ukibadilisha pa kusimama. Mvutano una alama zote mbili. Parachichi likiwa hewani halihisi uzito wowote. Ungelifunga kipima kani kikaanguka nalo, kingesoma sifuri. Uzito unaouhisi wewe hapo ulipokaa ni kiti kinachokusukuma juu na kukuzuia usifuate njia yako, ile iliyonyooka kadiri kupinda kwa nafasi na wakati kunavyoruhusu. Einstein aliliwaza hili mwaka 1907, likamchukua hadi Novemba 1915 kulimaliza kihesabu.

Ila usikimbilie kusema mvutano ni wa bandia wote. Angusha parachichi moja Tukuyu na jingine Njombe kwa wakati mmoja. Kila moja linaelekea kwenye kitovu cha Dunia, kwa hiyo njia zao haziko sambamba hasa, zinakaribiana. Hakuna pa kusimama utakapoifuta tofauti hiyo. Ndiyo inayosababisha maji ya bahari kujaa na kupwa, na ndiyo kupinda kwenyewe kwa maana ya kihesabu. Maoni yangu: neno "kani" kwa mvutano halina kosa ukiwa unajenga daraja au unahesabu njia ya setilaiti. Linakuwa kosa unapouliza mvutano ni nini. Kwenye mtihani, ukiulizwa kani za msingi, andika nne na uendelee.

Zile tatu nyingine nitazipitia haraka, maana vitabu vyako vinazieleza. Ya sumaku-umeme inabebwa na fotoni, chembe ya nuru, na ndiyo inayofanya kiti kisikuachie upite katikati yake. Ya nguvu inabebwa na gluoni, ambazo dalili zake zilionekana Hamburg mwaka 1979. Inafunga chembe tatu ziitwazo kwaki kuwa protoni au nyutroni. Hapa simama kidogo, kwa sababu wengi hawaujui utamu uliopo. Jumlisha tungamo za kwaki tatu za protoni, utapata takribani asilimia moja ya tungamo la protoni. Asilimia 99 iliyobaki ni nishati ya gluoni na ya mwendo wa kwaki zenyewe. Ukienda Mbozi kukiona Kimondo, kila tani moja ya chuma kile ina kilo kama 10 tu zinazotokana na tungamo za kwaki. Zile 990 ni nishati iliyofungwa. Na bosoni ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012 huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, inahusika na zile 10. Magazeti yaliyoandika kwamba Higgs ndiyo asili ya tungamo lote yalizidisha chumvi.

Kani dhaifu inabebwa na W na Z, zilizogunduliwa CERN mwaka 1983. Chembe hizo ni nzito, Z inaipita protoni mara 97, ndiyo sababu kani yenyewe ina mfiko mfupi kuliko kipenyo cha kiini cha atomi. Usidhani iko mbali nawe. Ndizi ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo ni potasiamu 40. Katika ndizi moja, atomi zaidi ya kumi kila sekunde zinabadilika, nyingi zikiwa kalisi, kwa nyutroni kugeuka protoni na kutema elektroni na antinyutrino. Mkungu ulioegeshwa barabarani pale Kiwira una kani dhaifu ikifanya kazi muda wote, kwa kiwango kisichomdhuru mtu. Nadharia iliyoiunganisha kani hii na ile ya sumaku-umeme iliwapa Glashow, Weinberg na Abdus Salam tuzo ya Nobel mwaka 1979. Salam, Mpakistani, ndiye aliyekuwa ameanzisha kituo cha Trieste, Italia, mwaka 1964, ambacho wanafizikia wengi wa Afrika wamekipitia. Kitafute, kina nafasi kwa watu wa nchi zetu.

Sasa chembe ya mvutano. Jina lake lipo, gravitoni. Tabia zake zinajulikana kwenye karatasi: haina tungamo, ina spini 2 (spini ni tabia ya kikwanta inayofanana na kuzunguka), inakwenda kwa kasi ya nuru. Haijawahi kuonekana. Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi na wakati, yameonekana. Tarehe 14 Septemba 2015 vifaa vya LIGO huko Marekani, vinavyopima mawimbi hayo, vyenye mikono ya kilomita 4, vilitikiswa na mgongano wa mashimo meusi mawili yaliyokuwa umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3, na mtikisiko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko upana wa protoni. Lakini kuona wimbi si kuona chembe. Aliyesimama Matema anayaona mawimbi ya ziwa bila kuona molekuli hata moja ya maji.

Tatizo ni udhaifu. Kati ya protoni mbili, msukumano wa umeme unauzidi mvutano kwa takribani 10 kwa kipeo cha 36. Mwanafizikia Freeman Dyson alionyesha kwamba kifaa cha aina ya LIGO kikitaka kuona gravitoni moja moja, vioo vyake vingelazimika kuwa vizito kiasi kwamba vingevutana hadi viwe shimo jeusi. Kihesabu, gravitoni inakwenda vizuri ukiwa na nishati ndogo. Ukishuka kwenye vipimo vya mita 10 kwa kipeo cha −35, majibu yanakuja bila kikomo na hayasafishiki kwa njia iliyotufaa kwenye zile kani tatu. Nadharia za kuziba pengo hilo zipo, za nyuzi na za vitanzi, ila hakuna iliyotoa namba tuliyoweza kuipima. Mimi sina ninayoishabikia.

Kisichojulikana, nilichosema nitakifikia, ni hiki. Tumeona mvutano ukiiathiri chembe ya kwanta. Hatujaona chembe ya kwanta ikitoa mvutano wake. Nyutroni ya mwaka 1975 ilipita njia mbili kwa pamoja. Uga wake wa mvutano ulikuwa wapi, njia ya juu au ya chini, au nao ulikuwa kote kuwili? Jibu likiwa "kote kuwili", basi nafasi na wakati vyenyewe vinaweza kuwa katika hali mbili kwa wakati mmoja, na gravitoni inapata pa kusimama. Jibu likiwa "hapana", fizikia ya kwanta ina mpaka ambao hatukuujua.

Tuko mbali kiasi gani? Mji wa Vienna una maabara za pande zote mbili: za kupima mvutano wa vitu vidogo, na za kupitisha vitu vikubwa njia mbili kwa pamoja. Mwaka 2021 watafiti wa huko walipima mvutano unaotolewa na kitufe cha dhahabu cha miligramu 90, chenye nusu kipenyo cha milimita moja. Hicho ndicho chanzo kidogo kuliko vyote cha mvutano walichofikia. Mwaka 2019, mji huo huo, wengine walipitisha molekuli za zaidi ya dalton 25,000 (dalton moja ni karibu tungamo la protoni moja) njia mbili kwa pamoja. Molekuli kubwa kweli, lakini ukigawa ile dhahabu kwa molekuli hiyo unapata zaidi ya bilioni bilioni moja. Hilo ndilo pengo, na linavamiwa toka pande zote mbili.

Jaribio la kulifunga lilipendekezwa mwaka 2017 na makundi mawili, kila moja kivyake. Chukua vitu viwili vidogo sana, kila kimoja kiwe katika hali ya njia mbili, viweke karibu, uzibe umeme na sumaku visifikiane, ubaki mvutano peke yake. Kisha uangalie kama vimefungamana kikwanta, yaani hali ya kimoja haielezeki bila ya mwenzake. Vikifungamana, kilichovifungamanisha hakiwezi kuwa uga wa kawaida. Mvutano nao utakuwa wa kwanta. Vifaa vinavyohitajika bado havijafikiwa, kwa hiyo wewe wa kidato cha sita una muda wa kumaliza shahada na kulikuta jaribio hilo likiwa bado linatafuta watu.